Hunter × Hunter: timu ya 1999, timu ya 2011, au Togashi mwenyewe?

Kila anapojitokeza mtazamaji mpya wa Hunter × Hunter, manga (katuni ya vitabuni ya Kijapani) ya Yoshihiro Togashi iliyogeuzwa anime (katuni ya TV) mara mbili, huuliza aanze na toleo lipi, na majibu huishia kwenye ushabiki: waliokua na la zamani hutetea la zamani, waliokuja baadaye hutetea la sasa. Tofauti yenyewe iko kwa watu walioifanya kazi. Nani aliongoza, nani alitunga muziki, kituo gani cha TV kilirusha na saa ngapi, na mwandishi wa manga alikuwa amefika wapi siku studio ilipoanza kuchora. Ukishayajua hayo, utabashiri hata bila kuambiwa ni wapi toleo fulani litang'ara na wapi litachechemea.

Kwa mwenye haraka: kama unataka toleo moja tu, chukua la 2011. Kama huoni tabu kuchanganya, anza na kipindi kimoja cha 1999, halafu fuata mpango ulio mwishoni. Manga utaihitaji kwa vyovyote, maana hakuna anime iliyofika ilikofika hadithi. Hapa hatutataja nani anakufa.

| | Toleo la 1999 | Toleo la 2011 |
|---|---|---|
| Studio | Nippon Animation | Madhouse |
| Kituo cha TV | Fuji TV | Nippon TV |
| Mwongozaji | Kazuhiro Furuhashi (vipindi vya TV) | Hiroshi Kojina |
| Mpangilio wa hadithi | Nobuaki Kishima | Atsushi Maekawa |
| Muziki | Toshihiko Sahashi | Yoshihisa Hirano |
| Vipindi | 62 vya TV, kisha 30 vya video | 148 |
| Inapoishia | mwisho wa mkasa wa Greed Island | mwisho wa mkasa wa uchaguzi wa mwenyekiti wa chama cha Hunter, sura ya 339 |

Kuna pia filamu fupi ya majaribio ya 1998 kutoka Studio Pierrot. Hiyo ni ya wakusanyaji.

Kwanza mwenye hadithi

Yoshihiro Togashi alianza Hunter × Hunter katika jarida la Weekly Shonen Jump la Shueisha mwezi Machi 1998. Hakuwa mgeni pale. Yu Yu Hakusho, aliyoichora tangu 1990 hadi 1994, ilikuwa miongoni mwa nguzo za jarida hilo. Kazi ya wiki humtaka mchoraji atoe kurasa kama 19 kila siku saba. Wenzake wengi hugawa kazi: yeye mhusika, wasaidizi mandhari, kivuli na mistari ya mwendo. Togashi hupenda kushika sehemu kubwa mwenyewe, na mgongo wake ukamlipisha. Hadithi ilianza kusimama mara kwa mara, kwanza wiki chache, baadaye mwaka, baadaye miaka. Baada ya sura ya 390, iliyotoka Novemba 2018, sura ya 391 haikuonekana hadi Oktoba 2022. Mwenyewe alieleza kwamba kwa takriban miaka miwili hakuweza kukaa kitini akachora.

Mei 2022 alifungua akaunti ya Twitter na kuanza kuweka vipande vya pembe za kurasa pamoja na taarifa fupi za hatua aliyofikia. Kwa mfuatiliaji wa kazi hizi, zile taarifa kavu ni darasa. Sura huanza kama rasimu ya mgao: fremu ngapi kwa ukurasa, nani anasema nini, jicho la msomaji litue wapi. Inafuata wino wa wahusika. Kisha maelekezo kwa wasaidizi kuhusu mandhari na athari. Mwisho weusi na vivuli. Togashi haimalizi sura moja ndipo aingie nyingine. Hupeleka kundi la sura kwa pamoja, hatua kwa hatua. Ndiyo maana siku hizi sura hutoka kwa mafungu: 391 hadi 400 mwishoni mwa 2022, 401 hadi 410 kati ya Oktoba na Desemba 2024.

Miaka ya 2000 kulikuwa na wiki ambazo jarida lilichapisha kurasa zilizokuwa bado ni rasimu, mistari ya haraka bila mandhari yoyote. Togashi alizirudia kwa ajili ya juzuu. Kwa hiyo soma majuzuu, usisome kurasa zilizoskaniwa kutoka jaridani zinazozunguka mtandaoni. Wanaosema "Togashi hajui kuchora" mara nyingi wamekutana na rasimu za jarida. Viz Media inatoa majuzuu kwa Kiingereza tangu 2005, na mpangilio wake ni wa Kijapani: kulia kwenda kushoto, kuanzia nyuma ya kitabu.

Kusimama huku ndiko kulikoamua hatima ya anime zote mbili, kwa njia mbili tofauti kabisa.

1999: timu iliyokuwa inamkanyaga mwandishi visigino

Toleo la kwanza lilianza kurushwa Oktoba 1999, manga ikiwa na mwaka mmoja na nusu tu. Hapo tayari kuna tatizo la hesabu. Kipindi cha dakika 23 kikifuata manga kwa uaminifu hula sura mbili hivi. Jarida hutoa sura moja kwa wiki, na si kila wiki. Ukila mbili huku jikoni kunapikwa moja, siku moja utamkuta mpishi hajamaliza.

Furuhashi na mwandishi wake Kishima walilijua hilo, wakapunguza mwendo. Kutoka mwanzo hadi mwisho wa mkasa wa mji wa Yorknew, yaani sura ya 119, walitumia vipindi 70 ukijumlisha vile 8 vya kwanza vya video. Hiyo ni sura 1.7 kwa kipindi. Timu ya 2011 ilipita njia hiyohiyo kwa vipindi 58, na ukitoa viwili vya marudio inabaki 56, takriban sura 2.1 kwa kipindi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo unayoihisi ukiangalia bila kujua sababu: la 1999 linapumua, la 2011 linakimbia.

Muda wa ziada waliutumiaje? Hapa ndipo Furuhashi anastahili sifa. Alitoka kuongoza Rurouni Kenshin ya TV na zile video zake za 1999 zenye giza na ukimya, na mkono wake unaonekana: mtu amesimama dirishani, mvua, hakuna anayesema kitu kwa sekunde kumi. Nippon Animation nayo ilikuwa studio iliyojijengea jina kwa mifululizo ya fasihi ya watoto, yenye mashamba, meli na vijiji vilivyochorwa kwa subira. Ukiunganisha hao wawili unapata mtihani wa Hunter, ule ambao kijana Gon anaufanya ili apate leseni ya uwindaji na kumtafuta baba yake, wenye uzito wa safari halisi. Watahiniwa wanachoka na wanaogopa usiku. Kuna hata sehemu ambayo haimo kwenye manga kabisa: baada ya mnara wa mitego, watahiniwa wanakaa katika kisiwa chenye manowari ya kale na kulazimika kushirikiana dhoruba inapokuja. Kwa kawaida vipindi vya kujazia ni vya kuruka. Hivi usiviruke, kwa sababu vinaonesha watu ambao katika manga ni namba kifuani tu.

Rangi pia. Vipindi vya TV vya 1999 vilipakwa kwa mkono kwenye karatasi angavu za plastiki, kisha vikapigwa picha juu ya mandhari. Ndiyo maana kivuli ni kizito, anga ina chembechembe, na picha ni ya mraba wa TV za zamani, yaani 4:3. Ukiona nakala iliyotanuliwa kujaza skrini pana, imeharibiwa: nyuso zimenenepa, au juu na chini vimekatwa. Tafuta iliyoacha pembeni peusi.

Sasa udhaifu. Mfululizo wa TV uliisha Machi 2001, kipindi cha 62, katikati ya Yorknew. Mkasa ukakatwa sehemu mbili. Uliobaki ulitolewa 2002 kama vipindi 8 vya kuuza moja kwa moja kwa video. Greed Island, mkasa wa ndani ya mchezo wa video, ikafuata: vipindi 8 mwaka 2003 na 14 mwaka 2004. Kila awamu ilipewa mwongozaji wake na Furuhashi hakuwa tena usukani, huku upakaji rangi ukihamia kwenye kompyuta. Ukiangalia mfululizo, mpasuko unauona wazi. Awamu ya 2002 bado ina hadhi. Katika Greed Island wahusika wanachorwa vingine, mwendo unapungua, rangi zinakuwa bapa. Wengi wanaoanza 1999 kwa mapenzi huchoka hapa, na hawana kosa.

Jambo la pili: mwendo wa mtihani. Karibu nusu ya vipindi vya TV vinaishia kwenye mtihani wa Hunter. Kama unachotaka ni Nen, mfumo wa nguvu unaoifanya hadithi hii itofautiane na nyingine, utasubiri muda mrefu kabla hujasikia hata jina lake.

2011: timu iliyokuta ghala limejaa

Madhouse ilianza Oktoba 2011. Mapema mwaka huohuo Nippon TV ilikuwa imekuwa mmiliki mkuu wa studio hiyo, kwa hiyo mrushaji na mchoraji walikuwa nyumba moja. Manga ilikuwa na miaka 13 na zaidi ya sura 300 tayari. Ule wasiwasi wa kumfikia mwandishi haukuwepo. Kojina, aliyekuwa ametoka kuongoza Rainbow katika studio hiyohiyo, aliweza kupanga safari ndefu bila kujazia. Katika vipindi 148, viwili tu ni vya marudio: cha 13 na cha 26. Viruke bila wasiwasi.

Faida kubwa ya timu hii ni kwamba haikubadilika. Mwongozaji mmoja, mpangaji hadithi mmoja, msanifu wa wahusika mmoja, Takahiro Yoshimatsu, aliyewahi kusanifu wahusika wa Trigun. Mtunzi wa muziki mmoja. Hata wimbo wa kufungua, "Departure!" wa Masatoshi Ono, ulibaki uleule kwa miaka mitatu, ni picha zake zilizobadilika. Kwa kazi ndefu namna hii utulivu huo ni nadra. Gon wa kipindi cha 1 na Gon wa kipindi cha 131 wamechorwa na fikra moja, na ndiyo maana mabadiliko yanayompata yanauma.

Saa ya kurusha nayo iliacha alama. Kwa miaka miwili vipindi vilirushwa Jumapili asubuhi, saa za watoto. Hiyo inaeleza mwanga mkali, nguo za rangi za pipi, na damu iliyopunguzwa katika mtihani: mauaji yapo, lakini kamera hutazama pembeni, au jeraha halitoi kinachotarajiwa. Oktoba 2013, karibu na kipindi cha 100, walihamishiwa usiku wa manane. Kuanzia hapo ukali unalingana na manga. Mtu aliyeacha kwenye kipindi cha 10 kwa kudhani ni katuni ya watoto aliangalia ratiba ya TV, hakuiangalia hadithi.

Hirano alitunga muziki wa okestra wenye kwaya na vinanda, mtindo ambao watu wanaukumbuka kutoka Death Note, ambako alishirikiana na Hideki Taniuchi. Katika Yorknew kuna tukio ambalo kiongozi wa Phantom Troupe, genge la majambazi, anainua mikono kama mwongoza kwaya huku mji ukiwaka chini yake. Kwenye manga ni fremu za kimya na msomaji anajisikilizisha mwenyewe. Hirano akaandika misa ya wafu halisi, na mikono ya mhusika ikafuata mapigo yake. Ni mojawapo ya sehemu chache ambapo anime inaipita manga bila ubishi. Kasoro ya muziki wa 2011 ni kurudiarudia: nyimbo zilezile nzito hupigwa hata kwa mambo madogo, na ukiangalia vipindi vitano mfululizo zinachosha. Sahashi wa 1999 ana nyimbo chache zinazobaki kichwani, ila anajua kunyamaza.

Tukio moja la kupima timu zote

Ukitaka kuzipima timu hizi kwa dakika chache, angalia zilivyomtendea Kite.

Sura ya kwanza ya manga inaanza na Gon akiwa mdogo, ameingia kwenye eneo la dubu-mbweha mwenye mtoto. Mnyama anamshambulia. Kijana mmoja mrefu anatokea na kumuua yule mama. Halafu anamchapa Gon na kumkaripia, kwa sababu uzembe wake umeua mnyama asiye na kosa na kumwacha mtoto yatima. Kijana huyo ni Kite. Ndiye anayemwambia Gon kwamba baba yake, Ging, yu hai na ni Hunter. Hadithi nzima inaanzia kwenye deni hilo.

Timu ya 1999 imeliweka katika kipindi cha kwanza kabisa, na kulipa nafasi. Timu ya 2011 imeliondoa. Gon anavua samaki mkubwa wa ziwani, anaaga shangazi, anapanda meli. Kite haonekani hadi mwanzoni mwa mkasa wa Chimera Ant (viumbe kama chungu wanaokula watu), kipindi cha 75 na 76, ambapo historia hiyo inasimuliwa kwa kurudi nyuma.

Kwa nini walifanya hivyo? Ukiitazama kama mpangaji wa vipindi, inaeleweka: kipindi cha kwanza cha Jumapili asubuhi kinahitaji mwendo, na mhusika ambaye hatarudi kwa vipindi 74 atasahaulika. Lakini gharama ni kubwa. Uzito wote wa Chimera Ant umesimama juu ya uhusiano wa Gon na mtu huyu. Aliyeanza na 2011 anakutana naye kama mgeni na anaambiwa harakaharaka kwamba ni muhimu. Kwa maoni yetu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote ya toleo la 2011, na bahati nzuri tiba yake ni dakika 23.

Yorknew: hapa ushindani ni wa kweli

Katika mtihani, 1999 inashinda kwa hali ya hewa na 2011 kwa mwendo. Katika Heavens Arena, mnara wa mapigano, wanalingana, ingawa maelezo ya Nen ya 2011 ni safi zaidi: michoro ya aina sita za Nen inaoneshwa kwa utaratibu na haibadilishwi baadaye. Greed Island hakuna mashindano, 2011 iko mbali mbele.

Yorknew ndipo watu hugombana, na wana sababu. Huu ni mkasa wa majambazi, mnada wa chini kwa chini, mafia na kisasi cha Kurapika, rafiki wa Gon anayewawinda majambazi hao. Hauhitaji mwanga, unahitaji usiku. Furuhashi aliupaka rangi za taa za barabarani na kuuacha uende polepole kama filamu ya upelelezi. Kurapika wa 1999 amechoka. Ukimtazama unaona mtu asiyelala. Kurapika wa 2011 ana hasira zaidi kuliko uchovu. Miyuki Sawashiro anampa sauti kali, na pambano lake na Uvogin, mmoja wa majambazi hao, kipindi cha 46 na 47, lina mwendo ambao timu ya 1999 isingeumudu kwa bajeti yake.

Mizani yetu: kama unajali mapigano, bakia 2011. Kama unajali kisasi chenyewe na kinavyomla mtu, hamia 1999. Uwe tayari kwa mpasuko wa TV na video ulioelezwa juu.

Chimera Ant: timu moja tu ndiyo iliyothubutu

Toleo la 1999 halikufika huku, kwa hiyo ulinganisho ni kati ya Madhouse na Togashi. Mkasa huu una sura 133, kuanzia 186 hadi 318. Madhouse waliufanya kwa vipindi 61, cha 76 hadi 136.

Shida yake kwa mtengeneza anime ni maneno. Kuvamiwa kwa ikulu, kuanzia kipindi cha 111, ni usiku mmoja, na matukio muhimu hupimwa kwa sekunde. Togashi huisimamisha sekunde moja na kuandika kurasa za maelezo: nani alikuwa wapi, aliona nini, alikosea hesabu gani. Msomaji huchagua mwendo wake. Mtazamaji hawezi. Kojina na Maekawa walikuwa na njia mbili: kukata maelezo na kuacha mapigano, au kumpa msimulizi kazi nzima. Wakachagua la pili. Issei Futamata anasimulia karibu bila kupumua huku picha ikienda polepole sana.

Wanaoacha toleo la 2011 wengi huachia hapa, kati ya kipindi cha 111 na cha 118. Wanalalamika kwamba "hakuna kinachotokea." Malalamiko yana msingi, lakini uamuzi ulikuwa sahihi. Bila maelezo yale, kipindi cha 126 kingekuwa mwanga na kelele tu, na cha 135, ambacho kwa sehemu kubwa ni watu wawili wamekaa na ubao wa mchezo, kisingeeleweka kabisa. Dawa: usiangalie sehemu hii kwa kipindi kimojakimoja kwa wiki. Iangalie vitatu au vinne kwa kikao kimoja, msimulizi atazoeleka.

Manga inashinda wapi? Katika nyuso. Michoro ya Togashi ya sehemu hii ina wino mkali na ubaya wa makusudi, ambao usanifu laini wa Yoshimatsu hauwezi kuubeba. Anime inashinda kwa sauti. Koki Uchiyama anamfanya mfalme wa Chimera Ant abadilike kwa sauti pekee, kutoka ubaridi hadi kitu kingine, taratibu kiasi kwamba hujui ni kipindi gani kilichobadilisha.

Sauti

Wahusika wakuu wote walibadilishiwa waigizaji. Mwaka 1999 Gon ni Junko Takeuchi, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Naruto; Killua, rafiki mkubwa wa Gon, ni Kanako Mitsuhashi; Hisoka, mpinzani wao hatari, ni Hiroki Takahashi. Mwaka 2011 Gon ni Megumi Han, aliyekuwa mpya kabisa kwenye kazi; Killua ni Mariya Ise; Hisoka ni Daisuke Namikawa; Leorio, mwenzao wa mtihani, ni marehemu Keiji Fujiwara. Upya wa Han unasikika mwanzoni, kisha unageuka kuwa nguvu: mayowe yake katika kipindi cha 131 hayasikiki kama ya mtu aliyefundishwa kulia vizuri. Usishangae sauti ya mzee Netero, mwenyekiti wa chama cha Hunter, ikibadilika karibu na mwisho wa mfululizo. Ichiro Nagai alifariki Januari 2014 na Banjo Ginga akamalizia.

Ukitaka Kiingereza, 2011 ndiyo yenye kazi ya kueleweka: Erica Mendez kama Gon, Cristina Vee kama Killua, Matthew Mercer kama Leorio, Keith Silverstein kama Hisoka. La 1999 liangalie kwa Kijapani na maandishi chini.

Mpango wa kuangalia, na gharama yake

Vipindi 148 vya dakika 23 ni kama saa 57. Vile 92 vya toleo la zamani ni kama saa 35. Ukiruka wimbo wa mwanzo na wa mwisho, dakika tatu hivi kwa kipindi, unaokoa zaidi ya saa saba kwenye 2011. Kwa anayelipia bando, ubora wa kati unaokula kama GB 0.7 kwa saa utamaliza takriban GB 40 kwa mfululizo wote wa 2011. Pakua usiku penye Wi-Fi.

Njia tunayoipendekeza kwa mgeni: angalia kipindi cha 1 cha 1999, kwa ajili ya Kite. Ingia 2011 kipindi cha 1. Utaona baadhi ya mambo ya kisiwani yakijirudia, vumilia. Endelea hadi cha 36, ukiruka cha 13 na cha 26. Hapo simama uamue Yorknew yako. Ukibaki 2011, nenda moja kwa moja. Ukihamia 1999, kwanza angalia cha 37 cha 2011, ambacho Gon anarudi nyumbani na kupata habari za baba yake. Kisha ingia la zamani pale Gon na Killua wameshaachana na Heavens Arena, uende hadi cha 62 na vile 8 vya 2002. Usiingie Greed Island ya zamani. Rudi 2011 kipindi cha 59. Usumbufu wa kuhama ni sauti mpya na rangi za nguo zisizolingana, na unaisha baada ya vipindi viwili.

Filamu mbili za Madhouse za 2013, Phantom Rouge na The Last Mission, ziliongozwa na watu wengine na hazibadilishi chochote kwenye hadithi. Kilicho na thamani kutoka kipindi hicho ni sura mbili fupi za Togashi kuhusu utoto wa Kurapika, alizozichora kuandamana na filamu ya kwanza.

Ukimaliza kipindi cha 148, manga inaendelea sura ya 340, ambayo ndiyo ya mwisho katika juzuu la 32. Kwa hiyo ukinunua kuanzia la 33 utakuwa umeruka sura moja, na ni sura inayofungua mlango wa yote yanayofuata. Kutoka hapo hadi juzuu la 38 ni sura 60, nyingi zikiwa ndani ya meli yenye wana 14 wa mfalme wa nchi ya Kakin, kila mmoja na walinzi wake na mnyama wake wa Nen. Mapovu ya maneno ni madogo na mengi. Kwenye simu utakuza kila ukurasa, kwa hiyo tableti au kitabu cha karatasi ni bora. Andika majina ya wale 14 kwa mpangilio wa kuzaliwa, Benjamin wa kwanza, Woble wa mwisho, na mbele ya kila mmoja jina la mama yake, maana walinzi wengi wanawatumikia akina mama na siyo watoto.